Mashine ya kuchimba bitkoini ikikufia pwani: toa chumvi kwanza, kulehemu baadaye

Kama uko Malindi, Watamu, Lamu ama popote unaposikia bahari usiku, na Antminer yako (mashine ya kuchimba bitkoini) imeanza kuonyesha bodi mbili badala ya tatu, au imekufa kabisa, naomba usome hii kabla hujaipeleka kwa fundi na kabla hujawasha chuma cha kulehemu. Miongozo mingi ya kutengeneza hizi mashine inatoka China na Marekani, imeandikwa na watu walio sehemu kavu, shida yao wao ni joto na vumbi. Shida yetu ya kwanza sisi ni chumvi, na chumvi ina tabia zake. Ukifuata maneno yao vile yalivyo utachoma bodi ambayo ingepona kwa kuoshwa tu.

Hebu elewa kitu kimoja halafu mengine yote yatakuwa rahisi. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini unyevu wa hewani ukifika kama asilimia 75 chumvi inaanza kunyonya maji yenyewe mpaka inakuwa majimaji, na usiku wa kusi hapa kwetu unyevu unapita hapo bila shida yoyote. Mashine ikiwa kazini iko moto, bodi inabaki kavu, chumvi imekaa tu pale. Sasa stima ikipotea saa nne usiku bodi inapoa, chumvi inalowa, alfajiri stima inarudi na mashine inajiwasha yenyewe wakati kuna maji ya chumvi katikati ya miguu ya chipu. Umeme ukipita hapo shaba inaanza kuliwa, unaona ule ukungu wa kijani, na kama bahati ni mbaya njia mbili zinashikana na kitu kinaungua. Ndio maana mashine nyingi za huku hazifi zikiwa kazini, zinakufa asubuhi stima ikirudi. Watu wanalaumu stima peke yake, na ni kweli ikirudi inaweza kuruka volti, lakini ukifungua hiyo mashine utakuta chumvi ilishafanya kazi yake kitambo.

Mifano yangu mingi ni ya Antminer aina ya S9 kwa sababu ndio mitumba iliyozagaa. Ilitoka 2016, ina hashibodi tatu (zile bodi zenye chipu zinazofanya hesabu za kuchimba), kila moja chipu 63, jumla 189, inatoa kama terahashi 13.5, yaani hesabu trilioni 13.5 kwa sekunde, na kula wati 1300 hivi. S19 ni kubwa zaidi, wati 3250, feni nne, lakini njia ya kufikiri ni ileile.

Kabla ya yote, usalama. Zima ukutani, chomoa plagi, subiri dakika kumi. Pawa saplai usiifungue kama hujawahi kufanya kazi ya umeme mkubwa, ndani mna kapasita zinazobeba karibu volti 400 na zinabaki na moto hata baada ya kuchomoa. Hili sisemi kukutisha, hili linaua mtu. Hashibodi ya S9 inapewa volti 12 tu, hiyo haikurushi, ila ampia zake ni nyingi, ukiangusha bisibisi juu yake ikiwa inawaka utaona cheche na chipu imeenda.

Sasa tutafute ugonjwa uko wapi

Usianze kwa kufungua kila kitu. Anza kwa kutazama na kunusa. Harufu ya kuungua inatoka upande gani? Feni zote zinazunguka ukizisukuma kwa kidole, au moja inakwama na kukwaruza? Feni ndio ugonjwa wa bei rahisi kuliko yote na watu wanaurukia kwenda kwenye chipu. Mashine ikikosa kusoma kasi ya feni moja inajizima yenyewe kujilinda, kwa hivyo utaona inawaka, inavuma kwa nguvu kidogo, halafu inakata. Badilisha feni nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Shida ikihama na feni umeshajua, nunua nyingine ya volti 12 yenye waya nne na unene uleule. Usiweke feni ya kompyuta ya kawaida kisa imeingia kwenye tundu, haina nguvu ya kusukuma hewa kwenye hizo hitsinki, vile vyuma vya kupoozea chipu.

Feni zikiwa sawa, chomeka kebo ya mtandao kwenye rauta, fungua ukurasa wa mashine kwenye brauza na uangalie hali yake. Kwenye S9 kila hashibodi ina mstari wa herufi, o ni chipu nzima na x ni chipu yenye matatizo. Soma pia logi, yaani kumbukumbu ya mashine, inakuambia kila bodi imepatikana na chipu ngapi. Andika hizo namba kwenye karatasi. Bodi iliyopatikana na chipu 63 ila ina x kadhaa hiyo ni bodi inayoumwa. Bodi yenye chipu 0 inaweza kuwa haina umeme, au imekatika mwanzoni kabisa. Bodi iliyoonyesha chipu chache, sema 20, imekuachia ishara kubwa sana, nitarudi kwayo.

Halafu fanya mchezo wa kubadilisha, na hapa tafadhali badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Zima, chomoa, chukua ile kebo bapa ya bodi mbovu uichomeke kwenye bodi nzima, na ya bodi nzima uiweke kwenye mbovu. Washa. Kama bodi iliyokuwa nzima imekuwa mbovu, shida ni kebo au soketi ya bodi ya kontroli, ile inayoongoza mashine yote. Kama bado bodi ni ileile mbovu, shida ni bodi yenyewe. Ncha za hizo kebo bapa huku kwetu zinapata kutu nyeusi kwenye meno, na ukizisafisha kwa brashi na alkoholi mashine inafufuka, nimeona hivyo mara nyingi kuliko chipu iliyokufa.

Umeme unaoingia nao ukague. Plagi zile za pini sita za kwenye bodi zitoe moja moja uzitazame ndani. Plastiki ikiwa imegeuka njano au kahawia, au pini imekuwa nyeusi, hiyo plagi haishiki vizuri na inazalisha joto, kata uweke mpya, usiirudishe. Pima pawa saplai kwa mita ya kupimia, inatakiwa karibu volti 12, lakini jua kwamba pawa saplai mbovu inaeza kuonyesha 12 safi ikiwa haina mzigo halafu ikaanguka bodi zikianza kuvuta. Kwa hivyo pima tena mashine ikiwa inajaribu kuwaka. Na kama unatumia pawa saplai mbili, bodi moja usiipe waya kutoka pawa saplai tofauti, plagi zake zote zitoke kwa moja.

Na soketi ya ukutani je? S9 inavuta kama ampia 6 kwa volti 240, plagi yetu ya ampia 13 inabeba, ila zile ekstensheni nyembamba za dukani zinayeyuka maana kazi ni usiku na mchana. S19 inapita ampia 13, ndio maana ina tundu mbili za umeme, na ukizichomeka zote kwenye ekstensheni moja umejitafutia moto ndani ya nyumba. Kila waya na soketi yake ya ukutani, na waya za ndani ya ukuta ziwe nene, muite fundi wa stima akague.

Kuosha, na hapa ndio nataka utulie

Umegundua hashibodi moja ni mbovu. Itoe, ipeleke kwenye mwanga, igeuze pole pole. Angalia zaidi upande ule hewa inapoingia, maana huko ndiko chumvi inatua kwanza. Utaona weupe kama unga kando ya hitsinki, na ukiendelea kuangalia kwa lenzi utaona kijani kwenye ncha za vile vitu vidogo mno vilivyo kati ya chipu na chipu, vidogo kuliko chenga ya mchele. Usiviguse na bisibisi bado. Vile vilivyoliwa ncha vinang'oka ukivigusa tu.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuchukua alkoholi ya asilimia 99 akamwagia bodi yote, akasugua, ikang'aa, akafurahi. Alkoholi ni nzuri kwa mafuta na flaksi (dawa ya kulehemu), lakini chumvi haiyeyuki kwenye alkoholi, inayeyuka kwenye maji. Unakuwa umeisambaza tu, unaisukuma chini ya chipu ambako huwezi kuifikia tena. Kwa hivyo kwanza ni maji, ndiyo, maji kwenye bodi, isiyo na umeme wowote. Lakini maji gani? Sio ya kisima, visima vyetu vingi ni vya chumvi na kila mtu anajua ladha yake. Sio ya bomba. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa petroli steshoni kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari, na usome chupa vizuri usije ukachukua asidi. Weka kwenye beseni safi ya plastiki, zamisha bodi, sugua taratibu na brashi laini ya meno ukifuata mistari kati ya hitsinki, mwaga hayo maji, weka mengine, rudia mpaka yatoke yakiwa safi. Kama hitsinki yoyote inacheza ukiigusa, weka alama hapo, usiilazimishe.

Ukimaliza maji ndio unakuja na ile alkoholi ya asilimia 99. Kazi yake sasa ni kufukuza maji yaliyobaki, yachanganyike nayo yatoke. Mimina, tikisa, mimina tena. Spiriti ya duka la dawa sio hiyo, ina maji na vitu vingine vinavyobaki kwenye bodi. Na fanya hivyo nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, hiyo kitu inawaka haraka.

Kukausha nako kuna mitego. Usiende kwa fundi wa tairi akupulizie na kompresa, ile hewa inakuja na maji na mafuta. Usianike barazani inakotazama bahari, utakuwa unapaka chumvi mpya. Tumia bloa ndogo kupuliza maji yaliyojificha chini ya hitsinki, kisha weka bodi ndani ya boksi na balbu ile ya zamani ya wati 60 inayotoa joto, isigusane na boksi wala bodi, iache siku nzima na uwe unaitupia jicho. Kukausha nusu ni mbaya kuliko kutoosha kabisa.

Baada ya hapo irudishe ujaribu. Bodi nyingi za huku zinarudi hapa hapa, hujalehemu chochote.

Kama haijarudi, chukua mita

Hashibodi ya S9 imegawanywa makundi 21, kila kundi chipu tatu, na makundi yamefungwa msururu, umeme unatoka la kwanza unaingia la pili mpaka mwisho, kama zile taa ndogo za rangi zinazotundikwa mitaani Lamu wakati wa Maulidi, sehemu moja ikikata mstari mzima una shida. Bodi inashusha volti 12 mpaka kama 9 hivi, kisha hizo 9 zinagawanywa na makundi 21, kwa hivyo kila kundi linapata kama volti 0.4.

Hii inakupa silaha mbili. Ya kwanza, huhitaji mchoro wa bodi. Mpangilio uleule umerudiwa mara 21, kwa hivyo kundi zima lililo jirani ndio mwongozo wako. Umeme ukiwa umezimwa na umetulia, weka mita kwenye omu, pima kila kundi kati ya upande wake wa juu na wa chini, uandike. Utaona namba zinafanana fanana. Kundi ambalo liko chini sana karibu na sifuri lina shoti, na kabla hujamlaumu chipu angalia kama kuna chumvi iliyobaki au hitsinki iliyoachia gundi ikalala ikigusa jirani. Hiyo ya hitsinki kwenye S9 ni ugonjwa unaojulikana sana, usiwashe mashine kabisa ukisikia kitu kinacheza ndani ukiitikisa.

Ya pili, ishara. Kuna ishara tano zinazopita kwenye chipu zote: CLK, CO, BO na RST zinatoka chipu ya kwanza kwenda ya 63, na RI inarudi kinyume, kutoka ya 63 kuja ya kwanza. CLK ni mapigo ya saa, RST ni ya kuanzisha upya, RI inabeba majibu ya chipu. Bodi ikiwa imewashwa CO, RI na RST zinakaa kama volti 1.6 hadi 1.8, CLK kama 0.9, BO karibu sifuri. Usipime zote 63 utachoka. Nenda katikati, chipu ya 32. Kama CLK iko hapo, nusu ya kwanza ni nzima, nenda 48. Kama haipo rudi 16. Kila ukipima unaondoa nusu, ukipima mara sita hivi umefika kwenye chipu yenyewe. RI ifuate kinyume, anzia mwisho. Na ile bodi iliyoonyesha chipu 20 kwenye logi, usizunguke, nenda moja kwa moja kwenye ya 20 na 21.

Hapa pana mtego ambao umewaangusha mafundi wazuri wa simu. Ile pini nyeusi ya mita usiiweke kwenye ardhi (upande hasi) ya bodi kwa jumla ukipima kundi la juu. Makundi yamepandana, ardhi ya kundi la mwisho iko karibu volti 9 juu ya ardhi ya bodi, kwa hivyo 1.8 yako utaisoma kama 10 na kitu na utafikiri umepata ugonjwa. Pini nyeusi iwekwe kwenye ardhi ya kundi hilo hilo unalopima. Na ukumbuke mashine ikishindwa kupata chipu inaikatia bodi umeme, una muda mfupi tu baada ya kuwasha, jiandae kabla.

Ukifika mahali ishara inapokufa, usikimbilie kutoa chipu. Angalia vile vidogo vilivyo njiani, kimoja kikiwa kimeliwa ncha ishara haipiti hata chipu ikiwa nzima kabisa. Linganisha na jirani kwa mita, ukikuta tofauti kitoe, safisha kijani mpaka shaba ing'ae, weka kingine kutoka bodi mfu. Kila anayetengeneza hizi mashine awe na bodi moja mfu ya akiba ya vipuri, mitaani zinauzwa bei ya chuma chakavu.

Kubadilisha chipu yenyewe ni kazi ya mtu mwenye hewa moto na meza ya kupashia bodi joto kutoka chini, maana hizo bodi zina shaba nene inayomeza joto yote. Lehemu isiyo na risasi inayeyuka kwenye digrii 217 hivi, yenye risasi 183, lakini mashine ya hewa utaiweka 350 au zaidi ndio ifike, na ukikaa sana unaunguza jirani. Pasha gundi kwanza utoe hitsinki bila kuivuta kwa nguvu, weka flaksi ya kutosha, toa chipu, sawazisha lehemu, angalia ile alama ya kona inayoonyesha chipu inalala vipi kabla ya kulaza mpya. Kama hujawahi, jifunze kwenye ile bodi mfu. Chipu nunua ya namba ileile, S9 ni BM1387.

Na kuna wakati wa kuacha. Bodi ambayo imeungua mpaka shimo, au kutu imeingia chini ya chipu nyingi, igeuze vipuri na uendeshe mashine na mbili zilizobaki, inafanya kazi vizuri tu. Piga hesabu pia: wati 1300 kwa saa 24 ni yuniti 31 kwa siku, zidisha na bei ya tokeni yako, kisha ulinganishe na kinachoingia, tangu Aprili 2024 zawadi ya bloku (malipo ya wachimbaji) ni bitkoini 3.125 na S9 ya kutumia stima ya tokeni haijilipi. Mwenye sola inayobakiza umeme mchana ndio naona ana sababu ya kuitengeneza, au kijana anayetaka kujifunza hii kazi, na hiyo ni sababu nzuri sana kwangu.

Ikishapona

Iendeshe saa chache ukiitazama kabla hujaifunga moja kwa moja. Ukurasa wake uangalie pia anwani ya puli (kundi la wachimbaji unalochimbia), mashine za mitumba nyingine zinakuja na fimuwea (programu ya ndani ya mashine) yenye virusi zinachimbia mtu mwingine, weka fimuwea safi ya kiwanda na ubadilishe neno la siri.

Usiiweke upande wa nyumba unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, na wale walio karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni waweke kichujio mbele ya feni na wakifue kila wiki. Unaweza kupulizia bodi vanishi ya kukinga unyevu, lakini tu kama umeosha na kukausha kabisa, na uzibe soketi zote kwa tepu, maana ukifungia chumvi ndani ya vanishi umeipa nyumba.

Stima ikipotea usiku, zima ukutani, na kama unaweza fuata hii: funika mashine na mfuko wa plastiki ikiwa bado ina joto kidogo, isinyonye hewa ya nje. Stima ikirudi ngoja dakika kumi, toa mfuko, ipulizie hewa ya moto ya kukaushia nywele mbele ya feni mpaka chuma chake kisiwe baridi mkononi, ndio uwashe.